Kikapu cha Majani Yaliyochorwa

Tangu nirudi, kila anayenikuta kwa posho mill ananiuliza, "Mama Nafula, ati ulienda Bungoma kupeleka nzi?" Nikimaliza kumjibu mmoja, mwingine anakuja na swali lile lile, na huku nyumbani uji wangu unaungua. Basi nimeandika, mpitishe kwa mkono. Shule niliacha darasa la tano, kwa hivyo mahali kalamu imeteleza mrukeni tu, msichekelee.

Majina nitayataja. Wa kwanza ni Simiyu wa agroveti, duka la dawa za shamba, aliyetuuzia mimi na marehemu Baba Nafula dawa ya kunyunyiza ikiwa ndani ya chupa ya soda. Haikuwa na karatasi wala onyo. "Nyunyizeni tu, hata mtoto anaweza," alisema. Baba Nafula alinyunyiza asubuhi, jioni macho yakawa hayaoni, na hakuamka tena. Mimi nilikuwa namchotea maji ya kuchanganya. Niliponea hosipitali, na tangu siku hiyo kifua changu ni kama mlango uliovimba kwa mvua, ukifunguka haufungi. Simiyu bado anauza. Na Jumapili anaimba kwaya, sauti ya kwanza.

Wa pili ni Njoroge, mwenyekiti wa kikundi chetu cha mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo. Yeye ndiye alimleta Simiyu kwa kikundi, na mpaka leo anamwita daktari wa mimea.

Msimu huu majani ya mishiri yalianza kutoka mistari myeupe iliyopinda-pinda, kama mtoto amepewa chaki. Njoroge alizunguka mashamba yote, akasimama kwa fensi yangu. Tangu Baba Nafula aende, ile fensi nimeiacha imee inavyotaka: managu mwitu, mchunga, kishona nguo, kila kitu. "Nzi wanazaliwa hapa," akasema mbele ya watu. "Mishiri ikitoa maua kabla hujafyeka na kunyunyiza, tutakuja sisi wenyewe na pampu zote." Na dawa ni ya nani? Ya Simiyu. Na fensi inapita wapi? Nyuma ya jikoni yangu. Daktari wa hosipitali aliniambia nikivuta ile kitu mara ya pili, asiitwe.

Ndio maana nilisafiri.

Kitale hadi Kapsokwony

Kuna mama anaitwa Madam Nanjala, afisa wa kilimo aliyestaafu, anakaa Bungoma. Nilipewa namba yake na binamu yangu. Kwa simu alinieleza mambo mpaka nikasahau sufuria jikoni. Ati huyu nzi ni mdogo kuliko punje ya mtama. Jike anatoboa jani na kuweka yai ndani. Funza akitoka kwa yai anakula nyama ya jani katikati, ngozi ya juu haigusi, ya chini haigusi, na ile barabara anayoacha ndiyo mstari mweupe. Akishiba anatoka, anaanguka chini, anakauka anakuwa punje ya kahawia. Ndani ya punje anageuka nzi.

"Funza siwezi kukuambia ni wa nzi gani," Madam akasema. "Niletee punje. Za kwako, na za mahali hapajawahi kunyunyizwa kitu. Usitupe hata moja."

Nilijua mahali pamoja tu kama hapo, huko juu ya Kapsokwony karibu na msitu. Nikatandika gazeti ndani ya kikapu, nikajaza majani ya fensi yangu yenye mistari, nikabeba na chupa tupu za jamu.

Mpaka Kimilili safari ilikuwa safari tu. Hapo nikapanda pikipiki ya kijana mmoja, Kiprop, mwenye koti la mvua la manjano. Barabara ya mlimani ilikuwa imelowa, na kwenye kona ya kwanza kali pikipiki ikalia, ikakataa.

"Mama, shuka kidogo, pikipiki ipumue."

"Na mimi nipumue wapi?"

"Wewe huna shida, ni hicho kikapu. Umebeba mawe?"

"Majani."

Akazima injini kabisa, akageuka kuniangalia. "Unapeleka majani mlimani? Mama, mlima wote ni majani bana!"

Alicheka mpaka juu. Mimi nilitembea pole pole nyuma yake, nikikaa chini kila kifua kikifunga, na nawaambia ukweli, sikuwa na hasira. Kila nilipokaa niliona mistari. Kwa kila kichaka! Miaka hamsini nimepita kando ya majani haya na sikuwahi kuona hata mmoja. Ni kama mtu aliyenunua miwani.

Juu kabisa niliinama kwenye njia ya shamba la viazi, nachukua jani, nainua juani, nasonga, nachukua lingine. Mama mmoja akatoka na panga.

"Unapima nini?"

"Sipimi, mama. Naangalia majani."

"Ndivyo wanasemanga. Wengine walikuja hapa wakiangalia miti. Kesho yake wakaleta vigingi. Nani amekutuma?"

Kwa watu waliosumbuliwa kwa ajili ya mashamba, mgeni anayeinama-inama mpakani si mgeni. Nilijua hiyo, na bado nilijisahau. Nikamwambia ni nzi amenituma. Akadhani namdharau, panga likapanda. Ndipo nikampa jani alishike juani. Alifunga jicho moja, akalitazama. Ndani yake funza alikuwa anatembea, ile kutafuna kabisa, kichwa kinaenda kushoto, kulia.

"Wee!" akasema, na panga likashuka. "Mimi nilidhani ni konokono amepita juu. Kumbe yuko ndani ya nyumba!"

Anaitwa Chebet. Hajawahi kununua dawa ya shamba, si kwa sababu ya busara, amesema mwenyewe, ni kwa sababu duka ni mbali. Alinipa viazi vya kuchoma na maziwa lala ya kibuyu yenye mkaa, akaita dada zake watatu, tukazunguka shamba lote tukichuma mchunga na managu mpaka chupa zikajaa. Dada mdogo alikuwa akipata mstari mrefu anapiga kelele kama amepata simu imeanguka.

Kapsokwony hadi Cheptais

Nilitaka kushuka kwa njia niliyopandia, lakini lori la vitunguu la jirani ya Chebet lilikuwa linaenda Cheptais na dereva akasema nikae mbele bure. Bure ilinigharimu. Lori lilikwama mara moja kwa matope, mara ya pili kwa ng'ombe, mara ya tatu dereva mwenyewe alikwama kwa shemeji yake akila, na sisi tukingoja.

Cheptais tuliingia siku ya soko, mvua ikaanza. Nilijificha kwa kibanda cha muuza mitumba, mama mnene wa maneno mengi aliyeitwa Mama Brayo. Nikaweka chupa zangu juu ya meza yake ili nifungue vifuniko, majani yasioze. Kosa langu. Mtu mmoja wa makamo akasimama, akazitazama moja moja kwa heshima sana.

"Daktari, iko ya tumbo?"

"Mimi si daktari. Hii ni nzi."

"Nzi ya nini? Ya kunywa ama ya kupaka?"

Mama Brayo akaingilia. "Baba, hiyo ni ya kuangalia tu."

"Dawa ya kuangalia!" yule mtu akaambia wenzake waliojikinga mvua. "Wamefika mbali hawa." Kabla sijamzuia alikuwa amechomoa jani la mchunga, amelitia mdomoni na anatafuna. Uso ukakunjamana. "Ni chungu. Inafanya kazi."

Basi watu wakapanga foleni! Nilikumbatia chupa kama watoto mapacha. Mama Brayo ndiye aliyeniokoa. Alisimama juu ya kigoda, akatangaza kwamba ndani ya kila jani kuna funza, na huyu baba amemeza mmoja sasa hivi. Foleni ikaisha. Yule baba akabaki ameshika shingo, watu wanacheka mpaka wanashikilia nguzo za kibanda. Jua lilipotoka niliwaonyesha, na wakapokezana jani moja mkono kwa mkono, muuza samaki, mshona viatu, askari wa soko. Sikumbuki lini mara ya mwisho watu wengi hivyo walinisikiliza. Tangu matanga ya Baba Nafula nimekuwa mtu wa kuhurumiwa tu.

Cheptais hadi Kabuchai

Kabuchai ndiko kwa senge yangu, dada wa marehemu baba. Ana miaka mingi na macho machache. Nilifika nimechoka, matope mpaka magotini, na mikono yangu haikuwa na kitu cha kumpa. Sukari niliyomnunulia nilikuwa nimeisahau kwa lori. Nyinyi wa kwetu mnajua: mtoto wa kaka haendi kwa senge mikono mitupu, na akija kutoka shambani kwake, analeta mboga. Na senge hawezi kuziweka mpaka kesho. Anazipika siku hiyo hiyo, zote, la sivyo atakuwa amekudharau.

Nilikwenda kuoga. Chupa niliziingiza chumbani. Kikapu nilikiacha mlangoni.

Niliporudi, ugali ulikuwa mezani, na mboga iliyopikwa kwa maziwa na munyu wa majivu, inanukia mpaka nje. Nikashukuru, nikamega, nikala. Tamu sana. Nikamega tena.

"Managu yako ni nzuri," senge akasema, "lakini mwanangu, huko kwenu hamchambui? Hata mimi na macho haya nimeona imeandikwa-andikwa kila mahali."

Nikaweka tonge chini.

"Senge, umepika ya kikapu?"

"Yote. Nisingekuaibisha."

Nililia. Sijui kama nililia ama nilicheka, maana senge aliogopa akaanza kuomba. Ushahidi wa fensi yangu wote, nimeubeba nikaupandisha mlima nikaushusha, na nusu yake iko tumboni mwangu! Nilipomweleza, na nilipofika kwa Simiyu na ile pampu, aliacha kuomba. Alimpenda sana Baba Nafula. Kisha akauliza, "Hizo punje unazosema, ni kama simsim iliyochomwa?"

"Ndiyo."

"Vidole vyangu vilizigusa chini kwa gazeti. Nimekung'uta nje."

Nje! Na nje kulikuwa na kuku. Mmekwisha kuona mama wa miaka themanini akikimbiza jogoo kwa mwiko? Mimi nimeona. Gazeti lilikuwa limeanguka kifudifudi kando ya ghala, kuku walikuwa wamemaliza zilizotawanyika, lakini kwenye mkunjo wa katikati punje zilikuwa zimebaki zimejipanga. Senge hakuziona, lakini alishikilia gazeti lisitikisike, na mimi nikaziokota moja moja kwa unyoya uliolowa mate. Hazikujaza hata kifuniko cha chupa. Alizifunga kwenye kitambaa chake cha kanisani, akanipa.

"Nenda," akasema. "Na ukirudi leta mboga isiyo na wenyewe."

Kabuchai hadi Bungoma

Trekta la miwa lilikuwa limepinduka likafunga barabara, kwa hivyo nilifika Bungoma nikiwa nimetafuna miwa ya watu na kutembea kiasi. Madam Nanjala nilimtarajia awe mama wa miwani na sauti ya chini. Nilimkuta juu ya ngazi, suruali imekunjwa, anapaka rangi bati lake. "Wewe ndiye mama wa nzi? Shikilia ngazi!"

Nilimweleza habari ya mboga. Alicheka karibu aanguke. Halafu akanawa mikono na kucheka kukaisha. Aliweka punje za fensi yangu kwenye chupa moja, za mlimani kwenye nyingine, na kando yake akaweka ya tatu, punje alizookota shamba la jirani yake anayenyunyiza kila wiki. Akafunga kitambaa chepesi juu. "Sasa tunangoja," akasema. "Hapa hakuna wa kuharakishwa."

Na kungoja ndiko kulinimaliza. Nilipika, nilifua, nilimaliza ile rangi ya bati. Kila asubuhi nilienda dirishani kabla ya kunawa uso. Jirani yangu Mama Shiru akapiga simu: "Mishiri imeanza kuchungulia maua meupe. Njoroge ameazima pampu zaidi." Usingizi ukahama.

Ya kwanza kupasuka ilikuwa chupa ya shamba la jirani. Nzi, nzi, nzi. Wadogo, weusi wenye manjano mgongoni. Nzi watupu. Kisha ya mlimani ikaanza, na mle akatoka kitu kingine. Madam akaninyooshea kioo cha kukuza. Mdudu mweusi, kiuno chembamba kama uzi, vipapasio virefu, anajisafisha mabawa kama mtu anayeenda harusi.

"Huyo si nzi," nikasema.

"Nyigu. Anataga yai lake ndani ya funza. Punje inabaki ya nzi, lakini aliye ndani ni yeye. Amemla. Na yuko wa ukoo wake anayemuua funza ndani ya jani, mstari ukakomea njiani."

Jamani! Nilimshika Madam mabega nikamtingisha. Halafu nikakumbuka kuuliza: na ya kwangu?

Ya kwangu ikapasuka kesho yake. Nyigu. Tena nyigu. Kisha nzi mmoja. Kisha nyigu! Fensi yangu, ile takataka, imefanana na mlima wa Chebet. Nilicheza pale sebuleni mpaka kifua kikaniita, nikakaa chini nikaendelea kucheza nimekaa.

Madam aliniacha nitulie. Kisha akaniambia la pili, na hili mlisikie vizuri maana sikulificha. Nzi wa kwenye mchunga ni wa mchunga, mishiri haigusi. Lakini yule mmoja aliyetoka kwenye punje zangu ni wa managu, na ndiye yule yule wa mishiri.

"Kwa hivyo Njoroge alisema ukweli?"

"Nusu. Mwizi analala kwako, na askari pia analala kwako. Ukinyunyiza, funza amejifunika na jani, mara nyingi anapona. Nyigu anazunguka nje bila kofia. Yeye ndiye anakufa kwanza. Baada ya hapo nzi wanabaki peke yao, wanazaana."

Bungoma hadi nyumbani

Nilirudi moja kwa moja na chupa kifuani. Kuanzia njia panda nilisikia sauti za watu. Pampu zilikuwa zimepangwa kando ya fensi yangu, zimejaa, na ile harufu ilinifikia kabla sijamwona mtu. Nikafunga leso puani, nikasimama upande upepo unakotoka.

"Mama Nafula," Njoroge akasema, "maua yametoka. Tulielewana."

"Nimeleta majibu."

"Nzi ni wa kwako ama si wa kwako?"

Wote waliniangalia. Ningeweza kusema si wangu, ningebishiwa na nani? Nikasema, "Wa kwenye managu ni yule yule."

"Si niliwaambia!" Akapiga paja. Mmoja wa vijana wake akainama kuvaa pampu.

"Ngoja nimalize," nikasema, na nikainua chupa, nikawaeleza nyigu. Walichungulia. Wengine hawakuona kitu.

"Hako?" Njoroge akauliza. "Mama, hako hata mbu anaweza kukachapa. Kataua nini?"

Hapo nikakasirika, na hasira ilinisaidia. "Twende kwa mishiri yako, Njoroge. Laini ya mimea iliyogusana na fensi yangu. Halafu twende ile ya mwisho kule, iliyo karibu na barabara. Kama hamtaona tofauti, mnyunyize na mimi nikiwa ndani."

Tukaenda wote. Niliwaambia wachume jani, wainue juani. Ile laini ya barabara, mistari ilikuwa mirefu, imezunguka jani zima, na mwishoni kuna kitobo: funza ameshiba ametoka. Tukarudi kwenye laini ya fensi. Mama Shiru ndiye alipiga kelele ya kwanza.

"Ya kwangu imekomea hapa! Katikati!"

"Hata hii! Mdudu amekuwa mweusi, hasongi."

"Hebu nione. Ai, toa kidole, unanizibia jua."

Shamba zima la watu wazima, mikono juu, midomo wazi, kama wanaosubiri ndege. Hakuna aliyekuwa anatazama pampu. Kijana wa Njoroge alikuwa amevua yake akaiegemeza kwa mti, na yeye pia anachuma. Mama Shiru akasema fensi isiguswe, na kama ni managu peke yake yanayosumbua, tutayang'oa kwa mkono, tutakula. Wanawake wakaitikia. Hakuna aliyepiga kura, waliokota tu pampu zao wakaondoka nazo zikiwa zimejaa, na nikawaambia wasimwage mtoni.

Simiyu hakuwepo. Sijamsamehe, na hii safari haikuwa ya kumsamehe.

Njoroge alibaki. Alikuwa ameinama kwenye laini yake, kofia amevua, jani moja amelileta karibu na jicho.

"Mama Nafula," akaniita, bila ile sauti ya mkutano. "Na huyu? Amekufa ama amelala?"

Nikaenda nikaangalia.

"Amekufa, Mwenyekiti," nikamwambia. "Na hakuna mtu amelazwa hosipitali."